Kisu cha mgongo uliokatwa: kwa nini wakusanyaji wanakipenda, na kwa nini jambo hilo linagusa hata Masisi na Walikale

Huku kwetu kisu ni chombo cha kazi. Kinamenya muhogo, kinachuna mbuzi, kinakata kamba ya mzigo. Makali yakiisha kinanolewa juu ya jiwe. Kikivunjika kinarudi kwa mfua chuma, au kinatupwa na mambo yanaisha. Kumbe mbali na hapa kuna watu wanaonunua kisu bila nia yoyote ya kukata kitu. Wanakipaka mafuta, wanakifunga katika kitambaa, wanaandika mwaka kilipotengenezwa, na wanabishana juu ya umbo la ncha yake. Hao ndio wakusanyaji wa visu. Kati ya maumbo yote wanayoyatafuta, moja linarudi kila mara: ncha ya mgongo uliokatwa.

Makala hii inaeleza umbo hilo ni lipi, lilitoka wapi na kwa nini linapendwa. Inaeleza pia kwa nini habari hiyo inamhusu mtu wa Omate, wa Mubi au wa Masisi aliyebaki na kisu cha babu yake ndani ya nyumba.

Umbo lenyewe

Ili kuelewa, tushike kwanza sehemu nne za kisu. Kuna makali, ni kusema upande unaokata. Kuna mgongo, ni kusema upande mnene usiokata. Kuna ncha, pale makali na mgongo vinapokutana. Na kuna mpini, pa kushikia.

Katika kisu cha kawaida cha jikoni, mgongo unaenda moja kwa moja au unashuka kidogo kidogo mpaka kwenye ncha. Katika kisu cha mgongo uliokatwa, mgongo unaenda sawa kutoka kwenye mpini, halafu karibu na mbele unakatwa ghafula na kushuka mshazari. Ni kama fundi alichukua kipande cha chuma juu ya ncha akakiondoa. Mahali pengine mkato huo umenyooka kama umepigwa kwa rula. Mahali pengine umeingia ndani kidogo, kama mwezi mchanga. Wafundi wa Marekani wanaita umbo hilo klipu, kwa sababu ya huo mkato wenyewe.

Mtu asiyejua majina ya kigeni anaweza kuchukua panga ya dukani. Panga nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki na Kongo zinapanuka kuelekea mbele, halafu mgongo unakatwa mshazari kabla ya kufika mwisho. Watu wengine wananoa hata ule mkato wa juu. Kazi ya panga na kazi ya kisu kidogo si sawa, lakini wazo ni lile lile: chuma kinaondolewa mgongoni ili mbele pafanye kazi tofauti na nyuma.

Faida yake, na udhaifu wake

Mkato wa mgongo unafanya mambo matatu kwa pamoja.

La kwanza, ncha inakuwa nyembamba. Chuma kikipungua juu ya ncha, kinachobaki kinaingia kwa urahisi. Kwa kutoboa ngozi, kuanza kuchuna mnyama, kutoa mwiba au kufungua fundo la kamba, ncha hiyo inashinda ncha nene.

La pili, ncha inashuka na kukaribia mstari wa katikati ya kisu. Mkono unajua ncha iko wapi bila jicho kuifuata sana. Mwenye kisu ambacho ncha yake imeinuka juu anapaswa kupinda kiganja ili aelekeze. Mwenye ncha iliyoshuka anaelekeza kama anaonyesha kwa kidole.

La tatu, upande wa makali haupotezi kitu. Makali yanabaki marefu, na pale mbele yanapopinda kupanda kwenye ncha yanafaa kwa kukata kwa kuvuta, kama vile kutenga ngozi na nyama.

Lakini hakuna umbo lisilo na bei yake. Ncha nyembamba inavunjika. Mtu akiitumia kufungulia kopo, kuchokonolea mawe au kung'olea msumari, itakatika, na mkato wa mgongo ndio sababu. Kwa kuchuna tumbo la mnyama vilevile, ncha kali inaweza kutoboa utumbo na kuharibu nyama. Ndiyo maana wawindaji wengi wa leo wanapendelea umbo jingine, lile la mgongo unaoshuka polepole bila mkato, ambalo ncha yake ni nene na ina nguvu zaidi.

Sasa swali linakuja: kama umbo lingine lina nguvu zaidi, kwa nini wakusanyaji bado wanalitafuta hili? Jibu haliko kwenye kukata. Liko kwenye historia.

Kutoka mto Thames mpaka mto Mississippi

Umbo la mgongo uliokatwa ni la zamani sana. Katika jumba la makumbusho la British Museum, mjini London, kuna kisu kirefu cha Waanglo-Saxon cha karne ya 10 kilichookotwa katika mto Thames mwaka wa 1857. Urefu wake wote ni kama sentimita 72. Makali yake yamenyooka, na mgongo unavunjika ghafula kushuka kwenye ncha. Juu yake kumeandikwa jina Beagnoth pamoja na herufi za zamani za watu wale. Ni kusema zaidi ya miaka elfu moja iliyopita mhunzi wa Uingereza alikuwa tayari anaukata mgongo.

Lakini jina lililoufanya umbo huu ujulikane duniani ni la Mmarekani mmoja, James Bowie. Tarehe 19 Septemba 1827, kwenye kisiwa cha mchanga cha mto Mississippi karibu na mji wa Natchez, watu wawili walikutana kupigana kwa bastola ili kumaliza ugomvi wao. Wao wawili walikoseana risasi na wakapatana, lakini wafuasi wao wakaanza kupigana wenyewe. Bowie alipigwa risasi na kuchomwa kwa upanga mwembamba, lakini kwa kisu chake kikubwa akamuua mmoja wa maadui zake. Magazeti yalibeba habari ile mbali. Baada ya muda mfupi kila mtu alitaka kisu kama cha Bowie, na viwanda vya mji wa Sheffield, Uingereza, vikaanza kutengeneza visu hivyo kwa wingi na kuvipeleka Marekani. Bowie mwenyewe alikufa vitani kule Alamo, Texas, tarehe 6 Machi 1836.

Kuna jambo ambalo wakusanyaji wazoefu wanalijua na wageni hawalijui. Ndugu yake Bowie, Rezin, aliandika mwaka wa 1838 kwamba kisu cha kwanza alikitengeneza yeye, kwa ajili ya kuwinda. Kilikuwa na makali upande mmoja, urefu wa kama sentimita 23, na hakikupinda. Hakutaja mkato wowote wa mgongo. Ni kusema kisu kilicholeta sifa yote kinaweza kuwa hakikuwa na ile ncha ambayo leo inaitwa ya Bowie. Umbo lilikuja kushika jina baadaye, kwa mikono ya wafundi na wafanyabiashara.

Sifa ile ilileta hofu pia. Mwaka wa 1837 jimbo la Alabama liliweka kodi ya dola 100 juu ya kila kisu cha Bowie kilichouzwa, pesa nyingi kabisa kwa wakati ule. Mwaka wa 1838 jimbo la Tennessee likakataza kuviuza. Kwa hiyo kisu ambacho leo kinawekwa katika sanduku la kioo kiliwahi kuwa kitu cha kutisha majirani.

Mkusanyaji anatafuta nini

Karne ya 20 ilitoa visu viwili vya mgongo uliokatwa ambavyo karibu kila mkusanyaji anavijua.

Cha kwanza ni kisu cha wanajeshi wa majini wa Marekani, kilichokubaliwa mwaka wa 1942 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kina ubapa wa sentimita 18 hivi na mpini wa vipande vya ngozi vilivyopangwa na kubanwa pamoja. Watu wanakiita Ka-Bar, kwa jina la alama ya kiwanda kimoja, ingawa viwanda kadhaa vilikitengeneza. Cha pili ni kisu cha kukunja cha kampuni ya Buck, namba 110, kilichotoka mwaka wa 1964. Kina mpini wa mbao wenye shaba kwenye miisho, na kufuli nyuma inayozuia kisijifunge juu ya vidole.

Visu hivyo vilitengenezwa kwa mamilioni. Kwa nini basi kimoja kina bei ndogo na kingine bei kubwa? Kwa sababu mkusanyaji hanunui chuma peke yake. Anaangalia alama iliyopigwa karibu na mpini, anaangalia kama ubapa haujanolewa mpaka ukaisha, kama ncha haijavunjika, kama ala ni ile ya kwanza, na kama kuna mtu anayejua kisu kilipita mikononi mwa nani.

Mfano mzuri ni kampuni ya Case, ya Pennsylvania. Kuanzia mwaka wa 1970 ilipiga nukta kumi chini ya alama yake, na kila mwaka ikaondoa nukta moja. Kisu chenye nukta saba ni cha 1973, chenye nukta tatu ni cha 1977. Mtu anayejua kuhesabu nukta anajua umri wa kisu bila kumuuliza muuzaji. Mojawapo ya visu vya Case vinavyopendwa ni kile cha wategaji wa wanyama, chenye bapa mbili ndefu, moja ikiwa ya mgongo uliokatwa.

Hapo ndipo ncha yetu inapata uzito wake. Kwa sababu ni nyembamba, ndiyo sehemu ya kwanza kuharibika. Kisu cha miaka 80 chenye ncha yake kamili ni ushahidi kwamba kilitunzwa. Ncha iliyovunjika kisha ikasuguliwa ili ionekane mpya inabadilisha mkato wa mgongo, na jicho la mzoefu linaona mara moja. Udhaifu wa umbo ndio unaofanya uzima wake uwe na thamani.

Bapa za Kongo katika macho ya wakusanyaji

Kuna kundi lingine la wakusanyaji, na hilo halitafuti visu vya Marekani. Linatafuta vya kwetu. Mwaka wa 2009 Wajerumani wawili, Manfred Zirngibl na Alexander Kubetz, walitoa kitabu kikubwa juu ya silaha fupi za Afrika. Maandishi yake si ya Kiswahili, lakini jina lake ni la Kiswahili safi: Panga na Visu. Sehemu kubwa ya vitu wanavyovitafuta wakusanyaji wa namna hiyo vilifuliwa katika bonde la Kongo.

Wahunzi wa Kongo hawakubaki na mkato mmoja wa mgongo. Walipinda, walitoboa, walipanua, walichonga. Kule Uele, kaskazini-mashariki mwa nchi, Wamangbetu walifua kisu kilichopinda kama mundu. Mjerumani Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza mwaka wa 1870, alimchora akiwa ameshika bapa ya namna hiyo. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin walizunguka sehemu zile kwa niaba ya jumba la makumbusho la New York, na walirudi na maelfu ya vitu, visu vikiwemo.

Kasai kuna habari nyingine. Mapokeo ya Wakuba yanasema mfalme Shyaam, wa karne ya 17, alikataza kisu cha kurusha cha vita, na mahali pake akaleta ikul, kisu kipana chenye umbo la jani na mpini wa mbao. Sanamu za wafalme wa Kuba zinaonyesha mfalme amekaa, ikul ikiwa katika mkono wa kushoto. Ni kisu cha mtu mkubwa, na kinazungumza amani. Msomaji anaweza kuona hapo kwamba umbo la bapa si kazi tu: ni tangazo la mwenye nacho ni nani na anataka nini.

Wauzaji wa Ulaya walijua pia namna ya kutia chumvi. Bapa nyingi za Kongo ziliuzwa huko kwa jina la kisu cha kukatia vichwa, kwa sababu jina la kutisha linapandisha bei. Nyingi kati ya hizo zilibebwa katika ngoma, katika mahari au mbele ya chifu. Historia ya kubuni ni hatari kama kutu, maana inakula ile ya kweli.

Chuma katika nchi ya Wanyanga

Walikale ni nchi ya Wanyanga, na Wanyanga wana hadithi ya Mwindo. Ilirekodiwa mwaka wa 1956 kutoka kinywani mwa msimulizi Shekarisi Rureke, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka wa 1969. Ndani yake Mwindo, mtoto aliyekataliwa na baba yake, anaenda kwa wajomba zake, Popo. Wajomba hao ni wahunzi. Kabla ya kumwacha aende kupigana, wanamvika chuma kuanzia miguuni mpaka kichwani.

Hadithi ile inasema wazi nafasi ya mhunzi katika nchi hii: ni yeye anayemfanya mtu awe tayari kukutana na dunia. Siyo Walikale peke yake. Jirani, nchini Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka wa 1969, nyundo za chuma zilikutwa ndani yake pamoja na mwili. Na upande wa Buhaya, Tanzania, watafiti wamekuta mabaki ya matanuru ya chuma ya karibu miaka 2 000.

Kazi hiyo haijafa. Pale watu wanapochimba dhahabu, kama Omate, burini na nyundo zinaisha makali kila siku na lazima mtu azirudishe motoni. Mfua chuma anayeweza kuchonga burini anaweza pia kufua kisu cha mgongo uliokatwa, na kazi yenyewe haihitaji kiwanda.

Namna kinavyofuliwa

Chuma kinachofaa ni kile cha resori za lori, vile vyuma virefu vinavyobeba mzigo juu ya ekseli. Kina kaboni karibu 0,6 kwa mia, inatosha kushika makali. Nondo za kujengea nyumba kwa kawaida hazifai, kwa sababu kaboni yake ni ndogo na makali hayakai.

Chuma kinapashwa juu ya makaa huku mivukuto ikipuliza, kinapigwa mpaka kinakuwa bapa, halafu mkato wa mgongo unafanywa. Kuna njia mbili. Moja ni kukata chuma kikiwa cha moto kwa patasi kisha kusawazisha kwa tupa. Nyingine ni kukata kwanza kona ya upande wa makali, halafu kupiga ncha ishuke. Njia hiyo haipotezi chuma kingi.

Baada ya umbo, kunakuja ugumu. Kisu kinapashwa tena mpaka kinaiva nyekundu na sumaku haikishiki tena, halafu kinazamishwa katika mafuta. Hapo kinakuwa kigumu, lakini kinaweza kupasuka kama kioo. Kwa hiyo kinapashwa mara ya mwisho, polepole, mpaka chuma kilichosuguliwa kinaonyesha rangi ya majani makavu. Kwa ncha ya mgongo uliokatwa hatua hii si ya kuruka: chuma ni chembamba pale mbele, kinapata moto upesi kuliko sehemu nyingine, na kikipita rangi hiyo ncha inakuwa laini. Wahunzi wengi wanaanza kupasha upande wa mgongo karibu na mpini na kuacha joto litembee lenyewe kwenda mbele.

Kisu cha namna hiyo, kikiwa na alama ya fundi na jina la mahali, kinaweza kuuzwa kwa mgeni kama kitu kipya cha leo. Hakuna aibu. Aibu ni kukizika katika udongo wenye chumvi miezi mitatu na kusema ni cha mababu.

Kama una kisu cha zamani nyumbani

Miaka mingi ya vita katika Masisi na Walikale imefanya familia nyingi kukimbia zaidi ya mara moja. Mtu anakimbia na mtoto, sufuria na godoro. Kisu cha babu kinabaki, kinaungua na nyumba, kinaibiwa, au kinauzwa njiani kwa bei ya chakula cha siku moja. Kwa waliobaki nacho, mambo haya yanasaidia:

Usikisugue kwa msasa wala kwa mchanga. Rangi nyeusi au ya kahawia iliyotulia juu ya chuma siyo uchafu. Inakinga chuma na inaonyesha umri. Kutu nyekundu inayomomonyoka ndiyo adui, nayo inatolewa kwa kitambaa chenye mafuta, polepole.

Usimpe mhunzi akifue upya wala kukirekebisha ncha. Ncha iliyovunjika zamani ni sehemu ya habari yake. Mkato mpya unafuta alama za nyundo za fundi wa kwanza.

Kipake mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya mawese na ya kupikia yanaganda na kunata baadaye. Katika hewa ya unyevu ya msitu wa Walikale, kipanguse na kukipaka tena mara kwa mara.

Usikiweke ndani ya ala ya ngozi muda mrefu. Ngozi inashika maji, na chuma kinaota kutu pasipo mtu kuona. Ala na kisu vikae pamoja, lakini kisu kiwe nje.

Andika habari zake. Nani alikifua, kijiji gani, kilitumika wakati gani, nani alimpa nani. Karatasi moja ndani ya mfuko wa plastiki inatosha. Kama mzee anayejua yuko hai, muulize sasa na mrekodi kwa simu. Bila habari hiyo, kisu ni chuma cha zamani tu, hata kwa mnunuzi mwenye pesa.

Mnunuzi anayepita anajua bei ya Brussels au Paris. Muuzaji wa kijijini anajua njaa yake peke yake. Kabla ya kuuza, ni vizuri familia ikae pamoja, kwa sababu vitu vingine si vya mtu mmoja: ni vya ukoo, au vya kiti cha chifu.

Sheria, pembe na barabara

Kongo ina sheria juu ya mambo haya. Sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, na kutoa vitu vya kale nje ya nchi kunahitaji ruhusa ya Serikali. Kisu chenye mpini wa pembe ya tembo kina tatizo la pili: biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilikatazwa mwaka wa 1989 na mkataba wa CITES. Anayebeba mpini huo kuvuka mpaka anaweza kukamatwa, hata kama tembo alikufa kabla babu yake hajazaliwa.

Vitu vilivyotoka zamani navyo vina habari yake. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ulirudishia nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaïre, vitu 114 kutoka Tervuren. Februari 2022 Ubelgiji ulikabidhi Serikali ya Kongo orodha ya vitu karibu 84 000 vilivyoko kule, na tarehe 3 Julai 2022 ukapitisha sheria ya kuruhusu kurudisha vile vilivyochukuliwa bila haki wakati wa ukoloni. Kinshasa kuna jumba jipya la makumbusho ya taifa lililofunguliwa mwaka wa 2019. Kitu kinachoandikwa katika orodha kinaweza kuulizwa siku moja. Kitu kilichouzwa kimya kimya kando ya barabara hakina mtu wa kukiuliza.

Na kuna jambo moja ambalo mkusanyaji wa Marekani halijui. Katika mikoa yetu, bapa imemwaga damu ya watu waliolala ndani ya nyumba zao. Mkulima mwenye panga asubuhi anajulikana anaenda shamba. Kijana mwenye kisu kirefu kiunoni jioni anatia watu hofu, hata kama amekipenda kwa uzuri wake tu. Anayependa visu na anataka kuvikusanya afanye kazi hiyo nyumbani, kwa uwazi, visu vikiwa mahali ambapo mtoto hafiki. Akisafiri navyo, viwe vimefungwa ndani ya mzigo, siyo mkononi wala kiunoni. Kwa ndege vinaenda katika mizigo mikubwa. Ndani ya ndege haviingii.